Lori limefeli breki limemvunja mdogo wangu mguu, mwenye lori anasema ni ajali tu. Kisheria mzigo ni wa nani?

#1 Nyanda_wa_Buhongwa
Habari zenu wakuu.

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili jioni, mdogo wangu ambaye ni dereva wa bajaji alikuwa amesimama kwenye zebra huku Buhongwa, Mwanza, wanafunzi wanavuka. Lori la saruji likatokea upande wa Usagara likamvaa kwa nyuma. Bajaji haitamaniki. Yeye kavunjika mfupa wa paja, mguu wa kulia, yuko wodini mguu umening'inizwa na kamba yenye uzito. Abiria aliyekuwa naye alitoka na michubuko, tunamshukuru Mungu.

Dereva wa lori alishuka anapiga kelele "breki hamna, breki hamna". Polisi walimchukua, sasa yuko nje kwa dhamana. Siku ya tatu mwenye lori akaja wodini na mfuko wa machungwa, laki nane taslimu, na karatasi imeshachapwa: mdogo wangu asaini kwamba kapokea na hatadai tena. Anasema gari ni chuma, chuma kinachoka, ajali haina kinga.

Nimekataa kusaini mpaka niulize. Ubovu wa gari ukisababisha ajali, anayewajibika ni dereva, mwenye gari, fundi, au hakuna?

#2 Sato_Choma
Pole sana mkuu. Ila hapo wa kubanwa ni dereva. Mwenye lori alikuwa kwake, hakushika usukani.

#3 Chuma_cha_Ngudu
Usisaini. Hata akifika milioni mbili leo, usisaini. Hujui mguu utaunga vipi, hujui kama atarudi kwenye bajaji. Mtu anayekuja na karatasi imeshachapwa ameshauliza kwa wanaojua.

#4 Wakili_Kirumba
Pole kwa mgonjwa. Namba 2 umechanganya kesi mbili, na wengi wanachanganya hapo hapo.

Ipo jinai, ambayo ni Jamhuri dhidi ya dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Hata humo, sheria haimtazami aliyeshika usukani peke yake, inamtazama pia anayeruhusu gari bovu liingie barabarani. Halafu yapo madai, mdogo wako dhidi ya aliyemuumiza. Faini ya jinai inaingia serikalini, si kwa mgonjwa. Fidia kwa kawaida inatoka kwenye madai.

Kwenye madai mwenye lori anabanwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mwajiri anabeba kosa la mfanyakazi wake lililotendeka akiwa kazini. Ya pili wengi wanaisahau: uzembe wake mwenyewe, kwamba alikuwa na wajibu wa kulitunza lori na hakulitunza. Hii ya pili inasimama hata kama dereva aliendesha vizuri kabisa.

Una miaka 3 ya kufungua madai ya namna hii. Dai lisilozidi milioni 200 linaingia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Muda unao, ila ushahidi hauna muda. Lori liko wapi sasa hivi?

#5 Nyanda_wa_Buhongwa
Wabeja, wakili. Lori bado liko uani kituoni. Ila mwenye nalo anahangaika litoke, anasema linamtia hasara.

#6 Babu_Tela
Vijana, nimeendesha malori miaka 27, Mwanza Dar, Mwanza Kigali, mpaka macho yalipokataa. Naomba nieleze "breki hamna" inavyotengenezwa, maana haitokei siku moja.

Nilikuwa navuta tela la ekseli tatu. Chemba ya breki ya tairi la nyuma kushoto, kile kikopo cha upepo kinachobana breki, ikaanza kuvujisha upepo, ukizima injini ukakanyaga breki unasikia ssss mpaka mshale unalala. Nikampigia bosi. Akasema mwambie fundi aizibe kwanza, ukirudi tutanunua nyingine. Fundi akaukunja ule mpira wa upepo unaokwenda kwenye chemba, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kazi imekwisha. Upepo hauvuji tena. Na tairi lile halina breki tena. Nikaenda, nikarudi, hakuna kilichonunuliwa, maana gari "linatembea". Miezi miwili baadaye ikazibwa ya pili.

Siku moja narudi Mwanza na nondo, nikashuka Sekenke na tela ambalo theluthi ya breki zake ni tyubu ya baiskeli. Nilishuka gia ya pili, mguu unatetemeka, tingo wangu kafungua mlango kashika mlingoti wa kioo tayari kuruka. Tulifika chini harufu ya laini za breki zilizoungua imejaa kabini. Niliegesha nikalia. Ningeua watu siku ile ningefungwa mimi, na bosi angenunua dereva mwingine.

Nyanda, nenda uani hapo, uchungulie chini ya lori nyuma. Tafuta mpira uliokunjwa.

#7 Fundi_Igoma
Babu heshima yako, yote uliyosema ni kweli, nimeombwa kuziba mipira hiyo mara nyingi na wanaoomba wengine ni madereva wenyewe. Lakini msilale na "breki zimefeli". Kila dereva aliyegonga anasema hivyo, kwa sababu breki haiwezi kujitetea.

Dereva anashuka mteremko kaweka free, yaani katoa gia, ili abane mafuta, yale mafuta anayauza njiani. Gari la mzigo likishuka free, injini haikusaidii chochote, unakanyaga breki mfululizo, dramu zinaungua, laini zinakuwa kama kioo, mwishoni unakanyaga na gari linakwenda tu. Hapo gari lilikuwa zima asubuhi. Ubovu kautengeneza yeye kwa nusu saa.

Ukifungua dramu unaona tofauti. Iliyoungua ina mabaka ya bluu na nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka. Ambayo haikuungua ila haikushika, utakuta laini imeisha mpaka ribiti zinakwaruza, au imelowa grisi kutoka kwenye sili ya habu. Mkaguzi akifungua na kuandika alichokiona, mabishano yanapungua. Akizunguka gari kwa macho na kuandika "breki mbovu", umepata karatasi tu.

#8 Sato_Choma
Fundi leo kaamka vizuri. Siku nyingine akija humu ni kubishana Simba na Yanga.

#9 Mzawa_Ukerewe
Niko Ohio, Marekani, naendesha kichwa na tela mwaka wa sita. Huku kuna kanuni ya shirikisho inayosema kampuni ikague, itengeneze na kutunza kila gari kwa utaratibu. Nikikuta ubovu mwisho wa siku naandika ripoti, na kasoro ya usalama haina budi kurekebishwa na mtu asaini kabla lori halijatoka tena. Ukaguzi mkubwa ni walau mara moja kila miezi 12. Karatasi za matengenezo zinakaa mwaka mmoja, na gari likiuzwa zinakaa miezi 6 zaidi. Lori la mizigo ya kawaida linalovuka majimbo lina bima ya dhima isiyopungua dola 750,000.

Ajali ikitokea, wakili wa aliyegongwa jambo la kwanza anatuma barua: msiguse lori, msichane karatasi. Kampuni ikishindwa kuonyesha kumbukumbu za matengenezo, iko kwenye shida kubwa kuliko dereva.

#10 Chuma_cha_Ngudu
Huko ni huko mkuu. Huku kumbukumbu ya matengenezo ni daftari la msomi wa darasa la saba lililoloa oili, ukurasa wa nyuma kuna hesabu za mama ntilie.

#11 Wakili_Kirumba
Na daftari hilo lililoloa oili ni ushahidi, Chuma. Usilidharau, na aliyeliandika usimdharau.

Kuna kesi ya Uingereza inayofundishwa sana, Henderson dhidi ya kampuni ya Jenkins, ilifika mahakama ya juu kabisa kule mwaka 1969. Lori linashuka mlima, bomba la mafuta ya breki likapasuka, mtu akafa. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu upande uliogeukia chesisi, huwezi kuiona mpaka ulifungue lote. Wenye lori wakasema tunakagua kila wiki kwa macho, na watengenezaji hawakutuambia tufungue bomba. Majaji 3 dhidi ya 2 wakawakatalia. Walitakiwa waeleze historia ya lori: lilibeba nini, lilipita wapi, kama kuna kitu kilichofanya kutu iwe ya kutarajiwa. Hawakueleza. Wakalipa.

Na hilo linatubana sisi huku.

#12 Hakimu_wa_Vijiweni
Wakili samahani, hapo mwisho si sahihi. Sheria zetu zilipokea common law ya Uingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya 1969 haitubani, inashawishi tu. Jaji wa Mwanza anaweza kuifuata au kuiacha.

#13 Wakili_Kirumba
Umenirekebisha vizuri, nilipaswa kuandika "inashawishi". Lakini hoja ya msingi haiondoki. Anayejua lori lilitengenezwa lini ni mwenye lori, si mgonjwa aliyelala wodini. Mahakama inaweza kumtazama yeye kwanza kwa maelezo.

#14 Fundi_Igoma
Hilo la kutu limenigusa. Malori ya dagaa wa chumvi na samaki wa barafu yanayotoka soko la Mwaloni, yale maji yanachuruzika chini ya bodi mchana kutwa. Nimefungua bomba kwa spana likabaki mkononi kama biskuti. Mwenye gari nikamwambia badilisha mabomba yote, akasema wewe fundi unatafuta hela. Kwa hiyo kwa kesi ya wakili, aliyebeba samaki hawezi kusema hakujua.

#15 Mwenye_Fuso_Mbili
Naona wamiliki tumeshahukumiwa bila kusikilizwa.

Nina Fuso mbili, nabeba mchanga na matofali. Mwezi wa nne nilinunua breki shuu nikampa dereva apeleke gereji. Baada ya wiki nikakuta zimefungwa zilizochakaa, zangu zimeuzwa. Nimewahi kununua spea kwenye boksi lenye nembo ya kampuni, ndani ni feki, ilidumu siku 40. Kila mwaka nalipa bima, nalipia leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, gari linakaguliwa, linabandikwa stika ya Nenda kwa Usalama. Sasa nifanye nini tena, nilale chini ya gari? Aliyeuza feki mbona hatajwi? Aliyebandika stika kwenye gari ambalo hakulichungulia chini mbona hatajwi?

Simtetei huyo wa laki nane. Nasema mnyororo ni mrefu.

#16 Wakili_Kirumba
Hoja yako nzito, naijibu kwa heshima. Fundi aliyefunga vibaya na duka lililouza feki wanaweza kuunganishwa kwenye kesi, na wewe ukishalipa unaweza kuwageukia. Ila aliyegongwa kwenye zebra hakuwachagua hao, uliwachagua wewe. Na stika inasema gari lilionekanaje siku lilipokaguliwa. Haisemi lilikuwaje miezi saba baadaye. Stakabadhi ya zile breki shuu unayo?

#17 Mwenye_Fuso_Mbili
Ya shuu ninayo. Ya fundi sina. Fundi wa chini ya mti hatoi risiti.

#18 Fundi_Igoma
Mimi niko chini ya mti na natoa. Njoo Igoma.

#19 Bibi_Mkolani
Jamani na daraja la Kigongo-Busisi mmelitazama? Zamani malori ya Geita yalisubiri kivuko, dereva analala, tingo anakagua matairi. Tangu lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 za maji ni dakika chache, lori linakuja limechemka moja kwa moja mpaka mjini kwetu.

#20 Sato_Choma
Bibi anataka turudishiwe kivuko.

#21 Bibi_Mkolani
Sitaki kivuko, mjukuu wangu alikaribia kufia kwenye foleni ile akipelekwa hospitali. Nasema malori yapewe mahali pa kusimama na kukaguliwa kabla ya mjini. Ngaramtoni kule Arusha, Februari 2024, watu 25 walikufa kwa lori moja lililoelezwa kwamba lilifeli breki. Nikisikia lori linapiga honi ndefu hapa Mkolani moyo unasimama.

#22 Mama_Wawili_Magu
Mimi nitasema upande ambao haujasemwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alifariki kwenye ajali, breki, na kila mtu msibani alikuwa anamtupia yeye. Alikuwa amemwambia tajiri wake kuhusu breki mara tatu, ujumbe upo kwenye simu yake, nimeuhifadhi mpaka leo. Wa mwisho unasema "bosi hii gari itatuua". Jibu lake ni "malizia trip hiyo".

Sikujua kama ningeweza kudai chochote. Nilikaa mwaka mzima nauza nyanya.

#23 Wakili_Kirumba
Mama pole, na asante kwa kuandika. Dereva aliyefia kazini ni mfanyakazi. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008, na familia yake wanaweza kulipwa. Pia Sura ya 310, sheria inayogusa madai ya vifo vya ajali, inawapa wategemezi wa marehemu haki ya kumdai aliyesababisha kifo kwa uzembe. Muda ndio wa kuangalia haraka. Niandikie faraghani ukiwa na tarehe. Simu hiyo usiiuze, na ujumbe huo uupige picha leo.

#24 Babu_Tela
Mama Wawili, dereva anayeandika "itatuua" halafu anaondoka hakuwa mzembe, alikuwa na watoto. Ukikataa safari, funguo zinapewa kijana aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi.

#25 Hakimu_wa_Vijiweni
Babu, hapo sikubaliani, na nasema kwa heshima kwa mama. Dereva anayejua gari halina breki na akaliwasha anabeba sehemu yake. Njaa yake haimfuti aliyegongwa. Mahakama inaweza kuwawajibisha wote wawili, yeye na tajiri, kwa viwango tofauti.

#26 Bima_Nyakato
Nyanda, mbona hakuna aliyekuuliza bima? Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, Sura ya 169, na mtu wa tatu ndiye mdogo wako. Chukua namba ya lori, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni, stika za kughushi zipo. Kisha uipe kampuni ya bima taarifa ya maandishi mapema, na unakili. Tunza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), mchoro wa ajali wa trafiki, na kila risiti ya dawa hata ya panadol. Kampuni ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

#27 Mwenye_Fuso_Mbili
Bima watasema gari lilikuwa bovu, mkataba umevunjwa, hatulipi. Nimeambiwa hivyo mimi.

#28 Bima_Nyakato
Uliambiwa hivyo kwa gari lako mwenyewe au kwa mtu uliyemgonga? Ni mambo mawili. Masharti ya ubovu ni ugomvi wa wewe na bima. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili ya aliyeko barabarani.

#29 Mwenye_Fuso_Mbili
Kwa gari langu. Sawa, hapo nimeelewa nusu.

#30 Nyanda_wa_Buhongwa
Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimekwenda kituoni, nimeomba kwa heshima, askari mmoja akanisindikiza mpaka kwenye lori. Sikugusa kitu. Nimeinama nyuma, ekseli ya mwisho, upande wa dereva. Babu, mpira upo. Umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa ukanda mweusi wa tyubu, fundo tatu. Juu ya lile fundo kuna vumbi jekundu limeshikana na oili mpaka limekuwa gamba. Nimepiga picha kumi na nne, nyingine nimeweka sarafu ya mia mbili pembeni ionekane ukubwa.

Nimepiga na ubavuni. Mlangoni yameandikwa maandishi ya jina moja, kwenye karatasi aliyoniletea wodini kuna jina jingine.

#31 Babu_Tela
Gamba la vumbi halijengeki siku moja. Bosi alijua.

#32 Fundi_Igoma
Au hakujua. Fundo la tyubu hilo ni la barabarani, la tingo na dereva saa nane usiku ili wafike. Gereji tunaweka bolti na klipu. Dereva anaweza kuwa alikula hela ya chemba mpya na kuficha. Picha haisemi nani alifunga.

#33 Mwenye_Fuso_Mbili
Ndiyo nilichosema.

#34 Wakili_Kirumba
Haisemi nani alifunga, lakini inasema muda, na mmiliki anayekagua gari lake angeliona. Nyanda, kesho mwombe mkuu wa trafiki kwa barua kwamba mkaguzi wa magari afungue breki za tairi zote na aandike hali ya kila moja, na mpira huo autaje kwenye ripoti kwa nafasi yake. Omba lori lisiachiwe kabla. Majina mawili yasikutishe: anayetajwa kwenye kadi ya gari na anayechukua hesabu wote wanaingia kwenye hati ya madai. Na kama kadi ina jina la kampuni ya mkopo, niambie kwanza.

#35 Sato_Choma
Niliandika namba 2 kwamba mwenye lori hahusiki. Nimesoma mpaka hapa, naifuta. Mgonjwa anaendeleaje?

#36 Nyanda_wa_Buhongwa
Amekula uji leo. Amesema wanafunzi wale wa zebra walikuja kumwona, mmoja kamletea embe.

Barua nimeiandika usiku huu, kurasa moja na nusu. Mwenye lori kapiga simu saa mbili, sasa anasema milioni moja na laki mbili. Nimemwambia tutaongea baada ya mkaguzi. Akauliza mkaguzi gani, nikanyamaza. Ofisi ya trafiki inafungua saa moja na nusu, saa moja nitakuwa getini.